Altezza RS200 ya 1999: miaka minne nayo kila siku Dar, nasema yote

Naulizwa sana kuhusu hii gari. Nikiipaki sheli, nikiipaki dukani, hata juzi msibani kabisa mtu ananisogelea taratibu, mi nikajua anakuja kunipa pole, kumbe anataka kujua "kaka hiyo ni manyuali kweli, na inakula mafuta kiasi gani". Kwa hiyo naandika yote hapa, nikiulizwa tena natuma hii tu.

Gari ni Toyota Altezza RS200 ya 1999, chesisi SXE10, manyuali ya gia sita, namba B. Ndo gari yangu pekee, sina nyingine ya kuipumzishia, Mbezi Mwisho mpaka Posta asubuhi na kurudi jioni, mvua jua. Msidhani naandika kama mtu anayetoa gari Jumapili kwenda kupiga nayo picha Coco Beach.

Kwa wasioijua, Altezza ilitoka Japani 1998 na ikachukua tuzo ya gari bora la mwaka kwao msimu huohuo. Ulaya waliiita Lexus IS200, na hilo jina likariri maana litakusaidia ukienda kutafuta spea. Zile taa za nyuma zenye kioo cheupe na viduara ndani, mpaka leo duniani zinaitwa taa za Altezza hata zikifungwa kwenye gari nyingine. Hii RS200 ina injini ya 3S-GE, lita mbili, haina turbo, silinda hedi ilichorwa na Yamaha, VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka) kwenye kamshafti zote mbili, hospawa 210. Sikia vizuri lakini, hizo 210 zinapatikana kwenye RPM 7,600, yaani mizunguko ya injini kwa dakika. Chini ya 4,000 gari imelala kama Toyota IST tu. Sasa piga picha uko Kimara saa kumi na mbili na nusu asubuhi, gia ya kwanza, ya pili, ya kwanza, mguu wa klachi unatetemeka, halafu mwendokasi linakupita pembeni limejaa watu wanakuangalia na hospawa zako 210. Ndo maisha yenyewe hayo, kama huyawezi ishia hapahapa kusoma.

Haya tuje kwenye lililonifanya niandike. Watu wananiuliza nimefanya apgredi gani. Ukweli ni kwamba nusu ya apgredi zangu zote ni kurudisha vitu ambavyo Toyota waliviweka na mabwana walionitangulia wakavitoa. Sitanii. Mimi ni mmiliki wa tatu au wa nne hapa nchini, na kila aliyepita alikuwa na fundi wake na fundi wake alikuwa na akili zake.

Mfano thamostati, ile valvu inayofungua maji yaende kwenye rejeta injini ikishapata moto. Nimenunua gari, usiku barabara nyeupe mshale wa moto uko chini kabisa haupandi, mchana kwenye foleni na AC unapanda mpaka natoka jasho mimi. Nikafungua, thamostati hakuna. Na ndani ya rejeta kuna maji ya bomba, rangi ya chai ya maziwa. Mnajua mafundi wetu, gari ikichemsha dawa ni moja, toa thamostati. Sasa injini bila thamostati haifikii joto lake, kompyuta inadhani bado asubuhi kuna baridi inaendelea kumwaga mafuta mengi, ndo unakuta mtu analia Altezza inakunywa kumbe ameichokoza mwenyewe. Na kwenye injini nyingi za Toyota ile thamostati ikifunguka inaziba pia njia ya mkato ya maji, ukiitoa sehemu ya maji yanazunguka bila kupita kwenye rejeta, kwa hiyo hata kule kuchemsha hujakuponya vizuri. Nilifumua rejeta yote nikaweka mpya, waterpampu mpya, hozi zote, mfuniko wa rejeta (watu wanaudharau, ule ndo unashika presha), thamostati jenyuin, na kulanti sio maji. Kuanzia hapo mshale umesimama katikati kama umepigwa gundi. Na mafuta yakapungua, nilikuwa napata kilomita tano na nusu kwa lita mjini, sasa napata saba, saba na nusu. Barabara ya Morogoro nikienda kwa adabu inagonga kumi na moja. Petroli ikiwa karibu buku tatu lita, wiki ya kazi inanila laki moja na kidogo, hesabu mwenyewe na mfuko wako.

Springi. Zilikuwa zimekatwa kwa grenda. Grenda wakuu! Gari imeinama mbele kama inatafuta shilingi, kila tuta napita kwa pembe kama kaa, na shokapu zilikuwa zimekufa zote nne kwa sababu zilikuwa zinagonga mwisho kila siku. Na huu ni uhalifu maana kilichoifanya hii gari iwe hii gari ni miguu yake, ina wishiboni mbilimbili (mikono miwili, wa juu na wa chini, inayoshika kila tairi) mbele na nyuma, kitu ambacho saluni nyingi za Toyota za bei yake hazina. Ukikata springi umeitupa hiyo pesa. Nikanunua springi za kiwandani za kutoka gari iliyokatwa, shokapu mpya za KYB, bushi zote za mbele na nyuma, boli jointi za chini, tairodi, alaimenti. Siku natoka gereji nilizunguka mtaa mara tatu bila sababu. Kona ile ile niliyokuwa naogopa ikawa kama gari iko kwenye reli.

Kwenye boli jointi za chini za mbele nakaa kidogo. Huu ndo ugonjwa wa familia ya Altezza na IS200, zinachoka, na zikichoka sana zinachomoka na tairi linalala. Ukisikia mlio wa "ko" ukipanda tuta au ukikata usukani parking, usiseme nitaangalia mwisho wa mwezi. Na usinunue zile za bei ya soda. Nilifunga feki za kwanza, boksi zuri kabisa, maandishi ya Kijapani, miezi minne zikaanza kucheza. Za Kijapani za kweli ziko mwaka wa tatu sasa.

Tairi: ilikuja na 17, saizi 215/45. Kwa barabara ya lami mpya raha, kwa mashimo ya mitaani kwetu nimekunja rimu mbili ndani ya mwaka. Nikashuka 16 kwa tairi za 205/55, kimo cha tairi karibu kilekile kwa hiyo spidomita haidanganyi sana, lakini sasa kuna mpira wa kupokea shimo. Vijana wa mtaani wameniambia gari imepoteza mvuto. Sawa.

Taiming belti ndo ilinitoa machozi. Hii injini inatumia mkanda, sio cheni, na Toyota wanataka ubadilishwe kila kilomita 100,000. Muuzaji aliniambia "umebadilishwa juzi", na mimi nikaamini kwa miezi miwili halafu usingizi ukakata. Nikapeleka gereji moja siitaji, wanajisifia Kijapani tupu. Wakabadilisha mkanda, tenshena, rola, oili sili, nikalipa, nikaondoka. Gari haina nguvu, inatetemeka sailensi (ikinguruma tu bila kukanyaga mafuta), juu ya RPM 5,000 kama imefungwa kamba. Nikarudi, wakasema plagi. Nikanunua plagi. Wakasema koili, nikanunua koili nne, na kwenye hii kila plagi ina koili yake kwa hiyo bei ni mara nne. Wakasema injini imechoka mzee tafuta nyingine Ilala. Nikaenda kwa mzee mmoja mwenye kijigereji chini ya mwembe, hana bango, ana stuli tu, akafungua kava la mkanda akaangalia alama, dakika ishirini, akaniambia "mwanangu wamekuacha jino moja". Jino moja la mkanda! Akarudisha, gari ikaamka, akachukua hela ambayo naona aibu kuitaja kwa udogo. Tangu siku hiyo huyo ndo fundi wangu na hata nikimpigia saa mbili usiku naanza na shikamoo. Injini yenyewe ina kompresheni ya 11.5 kwa 1, mkanda ukikatika usitegemee huruma, kwa hiyo ukinunua Altezza na huna ushahidi wa mkanda, hiyo ndo pesa ya kwanza kutoa hata kabla ya redio.

Oili nayo. Hapa kwetu gari kuukuu inawekewa oili nzito, fundi anakuambia hii imetembea weka 20W-50 itafunga. VVT-i inafanya kazi kwa presha ya oili kupita kwenye vitundu vidogo na kuna kichujio kidogo kama cha kuchujia chai ya mtu mmoja, oili nzito na chafu inakiziba. Naweka 5W-30 ya sintetiki, nabadilisha kila kilomita 5,000, na kila Jumamosi napima stiki kwa sababu hizi 3S-GE zilizozeeka zinalamba oili kidogo kidogo. Yangu inalamba. Nyingi za namna hii zimekufa kwa sababu mwenyewe alingoja taa iwake, na taa ikiwaka umeshachelewa.

Masega (kile kisafisha moshi cha ndani ya ekzosi) sikuyakuta, walishayauza zamani, na ekzosi ilikuwa bomba tupu na mdomo mkubwa kama ndoo. Mwezi wa kwanza raha, mwezi wa pili jirani yangu mwenye mtoto mchanga akaacha kunisalimia. Nimerudisha silensa ya kiwandani. Na ile koni ya ea klina nimeitoa pia nikarudisha boksi lake, maana koni ilikuwa inavuta hewa ya moto kutoka kwenye injini, kelele nyingi nguvu hamna.

Spea je? Zipo, ila inategemea ni za nini. Bodi, taa, milango, miguu, breki, hapo unauliza zote mbili, Altezza na Lexus IS200, na ukienda maduka ya spea ya Ilala au Gerezani na kifaa chako mkononi utapata, bei itaanzia mawinguni ila mtashuka wote. Injini ya 3S-GE ya hii ndo ngumu, zimebaki chache na wenye nazo wanajua. Giaboksi nayo ni laini, ni ya Aisin, ilitengenezwa kwa mtu mstaarabu. Ukiinunua imeshapigwa na vijana utasikia gia ya tatu inasaga. Ndo maana mtu akiniambia anataka Altezza ya kwenda kazini tu namwambia chukua AS200, ina 1G-FE silinda sita, hospawa 160, injini ileile iliyo kwenye Mark II za GX110 na GX100 za kuanzia 1998, na hizo zimejaa Dar hii kama daladala, fundi yeyote anaijua akiwa amelala. Haina ule wazimu wa juu, lakini saa kumi na mbili na nusu Kimara huo wazimu unaupeleka wapi. Mimi nilichukua RS200 kwa sababu ya sauti yake ikipita 6,000, naomba msinihukumu.

Na kuna wale wa "weka 2JZ". Hiyo ni injini kubwa ya Toyota ya silinda sita, na kila nikisimama lazima atokee mmoja wa kunishauri niifunge. Kweli inaingia, Lexus wenyewe waliweka 2JZ-GE kwenye IS300. Lakini hao wanaonishauri nikiuliza nani analipa wanageuka kuangalia simu. Pua inakuwa nzito, mafuta yanapanda, na kuna kadi ya kurekebisha TRA. Hela hiyo mimi nimeiweka kwenye breki: pedi nzuri mbele, diski mpya, breki fluidi mpya kila mwaka, na kalipa za nyuma zilizokuwa zimeganda nimefanyia saviisi. Gari ya miaka ishirini na kitu inayosimama palepale unapotaka ni anasa kubwa kuliko mnavyodhani, hasa bodaboda akikatiza bila kuangalia.

Vidogo vidogo: plastiki za taa za mbele zinageuka njano, piga msasa na maji kisha polishi. AC inafanya kazi vizuri mno, sijawahi kuigusa zaidi ya gesi. Nyuma watu wazima wawili wanakaa vizuri, watatu wanagombana. Na ni ya chini hata ikiwa na springi zake halali, mama yangu akishuka lazima nimshike mikono yote miwili, ananiambia "mwanangu mi natoka humu kama natoka kisimani".

Jamaa zangu wa Nairobi wao hawawezi tena kuingiza ya kwao, sheria yao ni mwisho miaka minane, kwa hiyo zilizopo kule zote ni wazee wenzie na hii. Wawili wameshanitumia ujumbe kuuliza springi za kiwandani.

Nikiipa alama kama gari ya kila siku, saba kwa kumi. Ningeinunua kwa mtu asiyekuwa na grenda ingekuwa nane na nusu. Kwa sasa inasubiri sinkro ya gia ya tatu (ile pete inayofanya gia iingie bila kusaga), mzee wa chini ya mwembe kasema ipo inakuja na kontena, kasema hivyo tangu Ramadhani. Mpaka ifike natoka ya pili naenda ya nne.