Chaja ya wati 65 yenye matundu matatu: miezi minne na ThinkPad T480

Laptopu ninayofanyia kazi ni ThinkPad T480, mojawapo ya zile za mtumba zilizojaa katika maduka ya Kariakoo, ambayo kiwandani hutoka na chaja ya wati 45 au 65 na huchajiwa kwa tundu la Type-C. Chaja yake ya asili ilipokufa, nilinunua katika Mtaa wa Aggrey chaja ndogo ya wati 65, yenye matundu mawili ya Type-C na moja la USB ya kawaida, kwa shilingi 55,000. Ni chaja nzuri, lakini wati 65 zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi hazipatikani mpaka mnunuzi atimize masharti ambayo muuzaji hakunitajia, na nadhani hata yeye hakuyajua.

Kabla ya kuinunua nilijaribu kujibanza kwa chaja za simu. Ya wati 20 laptopu haikuitambua kabisa. Ya wati 30, niliyoazima kwa jirani, iliwasha taa ya kuchaji, nami nikaingia kwenye kikao cha video bila wasiwasi. Baada ya saa moja betri ilikuwa imeshuka kutoka asilimia 62 hadi 51 ilhali waya umechomekwa muda wote. Kompyuta inayotumika hujilisha yenyewe kwanza, na betri hupewa kinachobaki. Kisipobaki kitu, betri ndiyo inayofidia pengo. Ninacho kifaa kidogo cha kupimia wati ambacho huchomekwa kati ya chaja na waya. Betri ikiwa imejaa, nikiandika tu kinasoma wati 9 hadi 12, kikao cha video pamoja na kurasa nyingi zilizofunguliwa hufika 30 na kuzidi kidogo, na ninapotoa video niliyohariri huvuka 40. Kwa hiyo anayepima chaja wakati kompyuta imelala anajidanganya.

Sharti la kwanza ni waya. Waya wa kawaida wa Type-C hupitisha ampea 3, na kwa volti 20 hizo ni wati 60. Ili kupata wati 65, yaani ampea 3.25, unahitajika waya wa ampea 5 wenye kijichipu ndani yake kinachoitambulishia chaja uwezo wake. Uliokuja ndani ya boksi ulikuwa wa kawaida, hivyo kipimo hakikuwahi kuvuka 60. Kwangu hasara ya wati 5 ni ndogo, lakini mtu akinunua chaja ya wati 100 na kuitumia kwa waya huohuo, atakwama kwenye 60 na kumlaumu mwenye duka.

Sharti la pili ndilo lililonitesa. Ubavuni mwa chaja, kwa maandishi ya kijivu ambayo nilihitaji tochi ya simu kuyasoma, imeandikwa kwamba tundu la kwanza likitumika peke yake hutoa wati 65, na la pili likichomekwa nalo mgawo huwa wati 45 na wati 20. Nikichomeka simu, umeme hukatika pande zote mbili kwa sekunde moja hivi, kisha hurudi kwa mgawo mpya. Wati 45 zinaitosha laptopu yangu hata kwenye kikao cha video, ila betri hujaa polepole. Taabu ni pale unapokosea tundu. Usiku mmoja, nikiwa na kazi ya kukabidhi alfajiri, nilichomeka simu kwenye tundu la kwanza na laptopu kwenye la pili, nikalala nikiamini mambo yako sawa. Nilipoamka simu ilikuwa imejaa pomoni na laptopu iko pale pale kwenye asilimia 23. Tangu siku hiyo tundu la kwanza nimelipaka rangi ya kucha.

Kuhusu plagi, chukueni yenye pini tatu za mraba. Dukani zipo pia za pini mbili za mviringo, za bei nafuu kidogo, na wengi wetu tumezoea kuchokonoa tundu la juu la soketi kwa kifuniko cha kalamu ili pini hizo ziingie, lakini hukaa kwa kulegea, na chaja inayovuta wati 60 kwa saa kadhaa si ya kuachwa ikining'inia hivyo. Hii yangu hupata joto, hasa mchana wa Februari, ila bado hushikika, siiweki kitandani.

Umeme ukikatika, pawabenki nyingi za mitaani hazisaidii kitu hapa, kwa kuwa hukomea wati 22.5 zilizokusudiwa simu. Inayofaa ni ile iliyoandikwa wazi kwamba hutoa volti 20 na angalau wati 45. Ile ya mAh 20,000 huwa na takriban Wh 74 (yaani wati mara saa) ndani yake, na baada ya upotevu wa njiani hubaki kama 60, ambazo kwa mtu anayeandika tu ni saa tano hivi.

Wenye laptopu za michezo zilizotoka na adapta za wati 180 na kuendelea wasihangaike na chaja hii. Kiwango cha Type-C kiliinuliwa hadi wati 240 mwaka 2021, lakini chaja na kompyuta vyote viwili lazima viwe vimetengenezwa kwa kiwango hicho. Kwa T480 na ndugu zake ningeinunua tena, pamoja na waya wa ampea 5 wa shilingi 15,000. Nimepewa waranti ya miezi sita, na kwa kuwa wino wa risiti umeshaanza kufifia, nimeipiga picha.