Programu za kupanga picha: ipi ulipie, ipi uchukue bure

Miaka kadhaa nyuma nilimaliza wiki nzima nikipanga picha za ukoo. Sendofu ya dada huku, kipaimara cha mpwa kule, msiba wa babu peke yake. Makundi arobaini na ushee. Kisha laptopu ikafa. Sikuhangaika, maana picha zenyewe zilikuwa kwenye diski ya nje. Nikaichomeka kwenye kompyuta mpya: picha zipo zote, makundi hakuna hata moja. Programu niliyotumia, jina lake silitaji, iliyaandika kwenye daftari lake la ndani, na daftari likazikwa na laptopu.

Tangu hapo nikiulizwa programu ipi ni nzuri, nauliza kwanza: ukiihama, unaondoka na makundi yako au unayaacha? Orodha hii nimeipanga kwa kipimo hicho, ndiyo maana namba moja ni ya bure, si ya kulipia.

1. digiKam

Hii ni ya KDE, jumuiya ya watengenezaji wa programu huria, ni bure, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux bila kukudai akaunti. Albamu ya digiKam ni folda halisi iliyopo kwenye diski. Ukiiondoa programu kesho, folda zitabaki palepale na majina yake. Kuwa mwangalifu tu: kufuta albamu humo ni kuitupa folda pamoja na picha zake, kwa hiyo watoto wasiichezee.

Lakini folda peke yake hazitoshi. Picha ya bibi akicheza kwenye sendofu iende folda ya bibi au ya sendofu? Ukiinakili kote kuwili unajaza diski bure. Dawa yake ni lebo, yaani neno unaloibandika picha. Picha inakaa kwenye folda moja lakini inabeba lebo hata kumi, na lebo zenyewe zina ngazi: Familia, chini yake Upande wa Mama, chini yake Bibi. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya Metadata (maelezo yanayoambatana na picha), uhakikishe programu imeruhusiwa kuandika lebo ndani ya faili la picha. Hapo hata programu nyingine itazisoma.

Kasoro zake? Vitufe ni vingi, siku ya kwanza utadhani umeingia chumba cha rubani. Utambuzi wa nyuso nao unataka upakue mamia ya megabaiti mara ya kwanza, na kwenye kompyuta kuukuu kazi hiyo iache ifanyike usiku umelala.

2. Google Photos

Kama picha zako zote zimo kwenye simu ya Android na huna kompyuta, anzia hapa; hii inazihifadhi mtandaoni. Picha moja inaweza kuwa kwenye albamu tano bila kula nafasi mara tano, na ukiandika "bahari" inakutafutia yenyewe.

Gharama ndiyo iliyobadilika. Tangu tarehe 1 Juni 2021, kila picha mpya unayopakia inahesabiwa kwenye GB 15 za bure, ambazo unazigawana na barua pepe za Gmail na mafaili ya Google Drive. Picha za MB 4 zitaenea kama 3,750, hapo barua pepe hujazihesabu. GB 100 ni dola 1.99 kwa mwezi kwa bei ya Marekani, na bando la kupakia ni juu yako. Ukitaka kuhama, huduma ya Google iitwayo Takeout inakurudishia albamu zikiwa folda, ila majina ya watu yanakuja kwenye vifaili vya pembeni, hayamo ndani ya picha. Hupotezi kitu, ila utatoka jasho.

Hapa niseme jambo la WhatsApp, kwa sababu nusu ya picha zetu ndiko zinakotoka. Picha ikipitia humo inavuliwa tarehe yake ya kupigwa. Kinachobaki ni jina la faili, mfano IMG-20230805-WA0014, nayo ni siku uliyoipokea. Usibadilishe majina hayo kabla hujazipanga, la sivyo picha za harusi ya mwaka 2015 zitachanganyika na za juzi.

3. Lightroom Classic

Hii ya kampuni ya Adobe ni ya mtu anayelipwa kwa kupiga picha. Ina makundi yanayojijaza yenyewe: unataja masharti, kwa mfano picha ulizozipa nyota tano na zenye lebo ya "harusi", nayo inakusanya. Malipo ni ya kila mwezi, na ule mpango wa dola 9.99 uliopendwa na wengi ulifungwa kwa wateja wapya Januari 2025. Ukiacha kulipa bado utafungua katalogi, yaani daftari lake la ndani, na kutoa picha, ila sehemu ya kuhariri inafungwa. Lebo unaweza kuziandika ndani ya faili. Makundi yanabaki kwenye katalogi. Sasa unajua kwa nini sijaipa namba moja.

4. ACDSee Photo Studio

Inamfaa mtu wa Windows asiyetaka deni la kila mwezi, kwani kuna leseni ya kulipia mara moja. Kumbuka kuiamuru ipachike lebo ndani ya picha. Vinginevyo zinakaa kwenye hifadhidata yake, na tunarudi kwenye kisa cha laptopu yangu.

5. Apple Photos

Inakuja na Mac au iPhone yako, na ni nyepesi kutumia. iCloud, hifadhi ya Apple ya mtandaoni, inakupa GB 5 tu za bure, na albamu zinazojijaza zinatengenezwa kwenye Mac, si kwenye simu. Familia yenye simu mchanganyiko itachoka nayo mapema.

Hela utakayookoa kwa kuchukua namba moja inunue diski ya nje, ukiweza mbili. TB 1 inabeba picha kama 250,000 za MB 4. Moja ikae kwako, nyingine mpelekee shangazi aifungie kabatini.