Programu ya thamani kamili: mstari wa namba safi, kisanduku cha jibu kinaangusha

Nafundisha tuisheni ya hisabati, na mada ya thamani kamili (umbali wa namba kutoka sifuri, unaoandikwa kwa kuiweka namba kati ya mistari miwili ya wima) hunichosha kuliko ugumu wake, kwa sababu wanafunzi wengi huja wamekwisha kukaririshwa kwamba "ni kufuta alama ya kutoa tu." Kwenye |−7| kanuni hiyo inakubali: jibu 7, kila mtu kafurahi. Ikifika |x| inakwama. Hapo hakuna alama ya kufuta, na wala hakuna aliyekuhakikishia kwamba x yenyewe si hasi. Kwa hiyo nilipoifungua programu hii ya simu, nilitaka kwanza kuona kama nayo itaanza na hadithi hiyohiyo.

Haikuanza nayo. Sura ya kwanza ni mstari wa namba na nukta moja unayoiburuta kwa kidole. Ukiiweka kwenye 5, utepe wa rangi unatoka sifuri hadi hapo, na juu yake inasomeka 5. Iburute kushoto: utepe unafupika, unaisha kabisa kwenye sifuri, halafu unaanza kurefuka upande wa pili. Ukifika −5, urefu ni uleule. Maneno ni machache mno, na hapo ndipo waliponikuna. Thamani kamili ni umbali kutoka sifuri, na umbali hauwi hasi.

Sura inayofuata ni nzuri zaidi. Unapewa nukta mbili, tuseme −4 na 3, unaulizwa zimeachana kwa kiasi gani. Ukianza na 3 − (−4) unapata 7. Ukigeuza, −4 − 3, unapata −7. Kisha ile mistari miwili ya wima inatokea kila upande na majibu yote yanakuwa 7. Mwanafunzi anaona mwenyewe kwa nini mistari hiyo inahitajika. (Pembeni wameandika kwamba alama hiyo ilianza kutumiwa na Karl Weierstrass wa Ujerumani mwaka 1841. Wanafunzi hawasomi, mimi nilisoma.)

Zoezi la −|−6| nalo limepangwa vizuri. Ukijibu 6, haikuzomei. Inakupigia mwanga ndani ya mistari kwanza, |−6| inakuwa 6, halafu inakuonyesha ile alama ya kutoa iliyobaki nje, haijaguswa na mtu. Jibu −6.

Sasa lawama. Kwenye |x − 3| = 5, swali ni namba gani ziko umbali wa 5 kutoka 3, na ziko mbili: 8 na −2. Kisanduku cha jibu ni kimoja. Ukiandika 8 unapewa tiki ya kijani na kupelekwa mbele, −2 haikutajwa kabisa! Programu iliyojenga hoja yake yote juu ya pande mbili za mstari inakuja kusahau upande mmoja kwenye kusahihisha. |x| = −4 imewekwa sawasawa, kuna kitufe cha "halina jibu", basi wameshindwa nini kuweka kisanduku cha pili?

Pia ile kanuni kwamba |x| = −x pale x inapokuwa chini ya sifuri imepitiwa kwa sentensi moja. Hapo ndipo kila darasa langu hunikatiza: "Mwalimu, si umesema haiwi hasi?" Ingetosha kuweka −9 mahali pa x waone −(−9) ni 9, kwamba alama ile inageuza namba ambayo tayari ni hasi. Nukta ya kuburuta wanayo, wangeitumia.

Inafanya kazi bila intaneti. Mlio wa ukikosea uzimeni mapema.

Nyota tatu na nusu. Wanafunzi wangu nimewaambia waandike majibu yote mawili daftarini kwanza, ndipo wajaze hilo moja linalotakiwa na programu.