Miaka 7 na Cavalier: ulizeni habari za moyo kabla hamjamchukua

Asali wangu ni mbwa wa aina ya Cavalier King Charles Spaniel. Ana kilo 7, mweupe mwenye mabaka mekundu ya kahawia, rangi ambayo hapa Uingereza wanaiita Blenheim. Mimi nimekulia Tanga, ambako mbwa analinda boma na haingii sebuleni. Huyu halindi chochote. Mgeni akibisha hodi anapokewa kwa mkia, kisha anaombwa apakate. Mama yangu alipokuja kutusalimia alikataa kumgusa siku tatu. Ya nne nikawakuta wote wawili wamesinzia kwenye kiti kimoja. Manyoya yanapukutika kila mahali, hilo nimelizoea.

Mababu zake walilelewa katika jumba la mfalme Charles II wa Uingereza, karne ya 17. Baadaye watu wakapenda mbwa wa pua bapa, sura ile ya zamani ikapotea. Mwaka 1926 Mmarekani Roswell Eldridge alitangaza zawadi ya pauni 25 kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts kwa atakayeleta mwenye pua ndefu kama wa kale. Waliofufua ukoo huu walianza na mbwa wachache mno, na leo ugonjwa wa vali ya moyo, yaani kilango cha kupitishia damu, umewaenea.

Asali alipofika miaka 5, daktari alisikia mlio kifuani ambao mwaka uliotangulia haukuwepo. Vali haifungi vizuri, damu inarudi nyuma. Anapewa dawa ya moyo, pimobendan, asubuhi na jioni, nami kila usiku akishalala nahesabu pumzi zake kwa dakika moja. Zikizidi 30, napaswa kupiga simu. Usiku zilipofika 29 nililala sakafuni kando yake.

Aliyeniuzia alinionyesha karatasi za ukoo na chanjo. Za moyo wa wazazi sikuomba, naye hakuzitaja. Kinachoniuma ni hicho. Ukimwona mama na watoto wake, bado hujaona moyo. Ombeni vipimo vya wazazi wote wawili, na mjue kama babu na bibi walifika miaka 5 bila mlio. Ombeni pia picha ya MRI ya kichwa, maana fuvu lao dogo huweza kubana ubongo na kuwatesa kwa maumivu ya shingo. Mfugaji akisema mbwa wake hawajawahi kuugua, hiyo si karatasi, ondokeni.

Kwa tabia nampa nyota 5, kwa afya 2. Jana usiku pumzi zilikuwa 22.