Makumbusho ya Mwambao, Lamu Hadi Kilwa: Yapi Yanastahili Nauli Yako?

Karibu mtazamaji. Leo mezani hakuna simu wala jiko la gesi. Tunachambua makumbusho ya mwambao wetu, kuanzia Lamu kuteremka mpaka Kilwa, na tutayapima kama tunavyopima bidhaa yoyote: ukishatoa nauli, kiingilio na siku nzima ya mapumziko yako, unapata nini?

Kwanza tuseme kinachoharibu ziara za watu wengi. Mtu anaanzia Gede au Kilwa, anazunguka nusu saa kwenye kuta zisizo na paa, anapiga picha tatu nne, anaondoka akisema, "Kumbe ni mawe tu." Usimlaumu, gofu halijielezi lenyewe. Aliyepaswa kumweleza ni nyumba iliyo nzima, yenye dari, kitanda na choo chake. Ndiyo maana mpangilio wetu unaanza Lamu, unafuata Gede, kisha Mombasa. Ukigeuza mpangilio huo, utalipa kiingilio kilekile na kuona nusu.

Haya, Lamu. Basi litakushusha Mokowe na utavuka kwa boti. Ukija kwa ndege utatua Manda, na hapo pia ni boti. Mjini kuna makumbusho kadhaa, na tiketi zikipangwa pamoja mtu anashawishika kuyamaliza yote kabla ya adhuhuri. Acha. Mawili yanatosha kukujaza asubuhi nzima: Makumbusho ya Lamu pale mbele ya bahari, na ile Nyumba ya Waswahili iliyo ndani ya mitaa. Posta ya Wajerumani, iliyofanya kazi tangu 1888 hadi 1891, ni vyumba vichache tu, robo saa umemaliza. Ngome ya mji, iliyojengwa kati ya 1813 na 1821, ingia kama unapita.

Katika Makumbusho ya Lamu, kitu cha kukitafuta ni siwa, lile baragumu kubwa la sherehe. Zipo mbili: ya Pate, ya pembe ya ndovu, na ya Lamu, ya shaba iliyonakshiwa. Hapa wageni wengi hukosea, maana hutazama ncha nyembamba wakidhani ndipo inapopulizwa. Sivyo. Tundu la kupulizia liko ubavuni. Ukishaliona tundu hilo ndipo unaelewa jinsi mpulizaji alivyoishika, na kwa nini chombo kirefu hivyo kiliweza kubebwa kwenye maandamano ya harusi na sherehe za watawala. Isogelee mpaka uone nakshi, ila mwangaza wa taa ya simu usiumulike kwenye kioo. Hutaona kitu zaidi ya uso wako.

Sasa Nyumba ya Waswahili. Ni ndogo, na kuna watu hutoka baada ya dakika kumi wakihisi wameibiwa. Sisi tunaipa alama za juu kuliko makumbusho yote ya safari hii, mradi uende nayo polepole. Anzia mlangoni, kwenye daka, pale palipo na baraza za mawe. Mgeni wa kawaida aliishia hapo. Ukipita ndani hufiki moja kwa moja uani, unageuka kwanza, ili aliyeko nje asione ndani. Kisha ziko kumbi ndefu moja nyuma ya nyingine, na kila moja sakafu yake imepanda kidogo kuliko iliyotangulia. Kadiri unavyopanda ndivyo unavyoingia penye faragha ya watu wa nyumba.

Pima upana wa chumba kwa hatua zako. Utapata mita mbili na nusu hivi, ikizidi ni kidogo, ilhali urefu unakwenda tu. Sababu iko juu ya kichwa chako. Dari imeshikwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kubeba uzito wa mawe na chokaa ikivuka urefu huo, itapinda. Kwa hiyo tajiri aliyetaka nyumba kubwa hakupanua chumba, aliongeza chumba kingine nyuma yake. Shika kipimo hicho, kwa sababu utakitumia Gede na utakitumia Kilwa, ambako boriti zimeoza zamani ila upana wa vyumba umebaki palepale.

Ukutani kwenye chumba cha ndani kuna zidaka, vile vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu, vikiwekwa sahani na bakuli za Kichina na mapambo mengine. Mwulize mwongozaji akuonyeshe na choo. Usione haya, choo ndicho sehemu yenye ufundi mwingi. Kuna birika la maji, na chini yake limejengewa bakuli la kaure. Samaki wadogo waliwekwa birikani wale viluwiluwi vya mbu, na maji yakipungua samaki hujikusanya kwenye bakuli wasife. Kinga ya malaria hiyo, bila dawa ya kupuliza.

Ushauri kabla hatujatoka Lamu. Ijumaa usipange ziara mchana. Wakati wa Ramadhani ulizia saa za kufungua mapema, na vaa nguo za heshima, kwani njia za kwenda huko zinapita milangoni kwa watu. Chukua kitambulisho. Makumbusho ya Taifa ya Kenya hutoza mwananchi, mkazi na mgeni bei tofauti, na asiye na kitambulisho hana cha kujitetea. Malipo ya kiserikali yamehamia eCitizen, kwa hiyo simu iwe na chaji na salio. Usitegemee noti mfukoni.

Gede iko karibu na Watamu, kilomita kama 15 hivi kusini ya Malindi. Matatu itakushusha njia panda, na kutoka hapo ni bodaboda au mguu. Imeingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2024, basi tarajia watu zaidi. Fika milango inapofunguliwa. Mji huu umo ndani ya msitu, kwa hiyo jua si tatizo. Tatizo ni mbu na kima. Kima hao wamezoea watu, na ndizi ikiwa mkononi si yako tena. Chakula kiache kwenye gari, au ndani ya begi lililofungwa zipu.

Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimba hapa mwaka 1948, na nyumba nyingi zimepewa majina ya vitu vilivyookotwa humo: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Sanduku la Pembe, Nyumba ya Fedha za Kichina. Usipite tu ukisoma vibao. Ingia, pima upana wa chumba, tafuta daka, tafuta choo. Baada ya Lamu utavitambua bila kuambiwa. Kwenye jumba la mfalme ulizia chumba cha hazina: hakina mlango. Aliyetaka kuingia alipitia tundu la juu ukutani. Mwizi angehitaji ngazi na ujasiri.

Pale pale lipo kaburi lenye tarehe iliyochongwa, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Ni alama muhimu, kwa kuwa ukuta wa matumbawe haukwambii umri wake ila maandishi yanakwambia. Kisha chungulia kisima kilicho karibu na Msikiti Mkuu. Visima vya Gede viliongezwa kina, na kushuka kwa maji ni mojawapo ya maelezo yanayotolewa kuhusu mji huu kuhamwa. Tenga saa mbili. Ukiwa na watoto, mradi wa Kipepeo uko hapo hapo mlangoni, na wao watakumbuka vipepeo kuliko msikiti. Si vibaya.

Vyombo bora vilivyochimbuliwa Gede usivitafute vyote Gede. Vingi viko Mombasa, na ndiyo sababu Ngome ya Yesu inakuja ya tatu.

Ngome hii Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na iko kwenye Urithi wa Dunia tangu 2011. Watu wengi huingia, hukimbilia ukumbi wa maonyesho kwa sababu una kivuli, kisha saa sita wanapanda ukutani kuungua. Fanya kinyume. Lango hufunguliwa saa mbili asubuhi. Panda kwenye minara ya pembeni kwanza, mawe yakiwa bado baridi. Kule juu simama uangalie jinsi pembe za ngome zilivyotoka nje: ubavu wa kila mnara unalinda ukuta wa jirani yake, ili adui akifika chini ya ukuta apigwe kutoka pembeni. Kwa karatasi haieleweki. Ukisimama pale, inaeleweka kwa dakika moja.

Sehemu ya ukuta unaouona haikujengwa, ilichongwa. Ngome imekalia mwamba wa matumbawe, na handaki limechimbwa kwenye mwamba huo huo. Chunguza mahali mwamba unapokutana na mawe yaliyopangwa na chokaa, utaona mstari.

Kwenye saa nne jua linapopamba moto, shuka. Sasa tazama Nyumba ya Waomani na ukumbi wa Wamazrui, ule ukoo uliowahi kutawala Mombasa; ukumbi huo umebaki na boriti zenye maandishi. Tazama kile kipande cha ukuta chenye michoro ya meli, samaki na watu, iliyochorwa na askari na mabaharia wa Kireno. Ni mikono ya watu waliochoka kungoja, si ya wasanii, na kwetu sisi inashinda mizinga yote iliyopangwa uwanjani. Ukumbi wa maonyesho uwe wa mwisho. Tafuta majina ya miji ya kale ya Gede, Manda na Ungwana kwenye vibao vya vyombo, ndipo zile zidaka tupu za Lamu zitajaa akilini mwako.

Humo humo kuna mabaki ya Santo António de Tanná, meli ya kivita ya Kireno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 ilipokuja kuwaokoa waliozingirwa na Waomani. Mzingiro ulianza Machi 1696 na ngome ikaanguka Desemba 1698. Njaa na maradhi viliua wengi kuliko risasi. Mbao na vyombo vya meli hiyo vilitolewa chini ya maji kwenye miaka ya 1970, na ni sehemu ambayo watu wengi huipita wakitafuta mlango wa kutokea.

Kasoro ya Ngome ya Yesu ni getini. Utafuatwa na watu wanaojiita waongozaji. Wapo wanaojua kweli, wapo wanaobuni. Omba kuona kitambulisho cha kazi, na mkubaliane bei kabla ya hatua ya kwanza, tena useme wazi kama ni bei ya kundi au ya kila kichwa. Ugomvi wote huzaliwa hapo. Maelezo mengi ya vibaoni ni ya Kiingereza, hivyo anayekuja na mzee asiyesoma Kiingereza alipie mwongozaji tu, itamfaa.

Mtatuuliza Zanzibar imekwenda wapi. Beit el-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu kubwa tarehe 25 Desemba 2020, basi usipange safari kwa ajili yake. Kwa majumba mengine ya Forodhani piga simu kabla ya kuvuka. Kinachostahili ni Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873. Maonyesho yake yameandikwa kwa makini. Vile vyumba vya chini ni vifupi na hewa ni nzito, mwenye pumu abaki juu.

Dar es Salaam tutaipita haraka. Makumbusho ya Taifa nenda kwa ajili ya Zinjanthropus, fuvu la zamadamu lililoonwa na Mary Leakey Olduvai mwaka 1959, na umri wake ni miaka milioni 1.75. Wenye watoto waende Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo, wakaingie kwenye nyumba za asili za makabila, za ukubwa halisi. Nenda wikiendi kama unataka ngoma.

Tumalizie na Kilwa Kisiwani, iliyo ngumu kuliko zote. Kutoka Dar ni kilomita kama 300 hadi Kilwa Masoko. Usiende moja kwa moja bandarini. Pitia kwanza ofisi ya mambo ya kale ulipie kibali na upewe mwongozaji, bila hivyo utarudishwa. Kisiwani usitegemee duka wala mgahawa. Beba maji lita 2 kwa kila mtu, kofia, na viatu vilivyofunika vidole.

Msikiti Mkuu una sehemu mbili, na tofauti yake ndiyo somo. Ile ya kaskazini ni ya kale na ndogo, ilikuwa na dari bapa. Ile kubwa ya kusini ina kuba na matao, yaani hapo mafundi waliacha kutegemea boriti, na ghafla chumba kinapanuka kuliko kile kipimo cha mita mbili na nusu ulichokibeba toka Lamu. Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14, liko mbali na msikiti, na bwawa lake la kuogelea lenye pande nane ndilo la kuliwahi kabla jua halijapanda. Kilwa ilipiga sarafu zake za shaba, na 5 kati ya hizo ziliokotwa Australia mwaka 1944. Namna zilivyofika huko bado inabishaniwa.

Na nahodha: nauli iwe ya kwenda na kurudi, nusu ulipe ukipanda na nusu ukishakanyaga tena Masoko. Mwulize maji yatakupwa saa ngapi, kwa sababu maji yakitoka utashukia matopeni, utembee na mikoba kichwani. Mkikubaliana saa ya kukufuata, tajeni saa ya Kiswahili wote wawili na muirudie. "Saa tisa" kwa mmoja na "saa tisa" kwa mwingine imeshawalaza wageni kisiwani.