Uzoefu wangu: Google Sheets kama daftari la vifaa vya dharura nyumbani

Tunaishi Kigogo, Dar es Salaam, upande unaoteremkia Mto Msimbazi. Anayekaa huku anaijua masika vizuri: Barabara ya Morogoro inafungwa pale Jangwani, umeme unakatika, na maji ya bomba yanakuwa ya kutiliwa shaka. Tangu mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu katika bonde hili, sisi hatukosi akiba ya maji, tochi na begi la nyaraka. Vitu vya dharura tulikuwa navyo tayari. Tabu yetu ilikuwa kujua kila kitu kiko wapi, kimebaki kiasi gani, na kama bado kinafaa. Hapo ndipo Google Sheets, programu ya Google ya kutengeneza majedwali, ilipotufaa, na baada ya kuitumia kwa misimu kadhaa naweza kuieleza kwa uhakika.

Kabla ya hapo tulijaribu programu moja ya simu iliyotengenezwa mahususi kwa kuorodhesha vitu vya nyumbani. Ilipendeza machoni, lakini ilitaka tuskani msimbo wa kila bidhaa, na nusu ya vitu vyetu haikuvitambua. Dumu la maji la lita 20 lina msimbo gani? Ilipofika idadi fulani ya vitu ikadai malipo ya kila mwezi kwa dola. Kubwa zaidi, orodha ilikaa kwenye simu yangu peke yangu. Mimi nikiwa kazini Posta na mvua imefunga njia, nyumbani hakuna anayeiona. Kwa kaya yenye bibi, watoto na dada wa kazi, chombo cha namna hiyo hakina msaada hata kiwe kizuri vipi.

Sheets ni ya bure kwa mwenye akaunti ya Google, na inafunguka hata kwenye simu ya bei ya chini. Nimetengeneza jedwali moja, nikalishirikisha kwa mume wangu, binti yetu mkubwa na wifi yangu anayekaa Tabata. Wote wana ruhusa ya kuhariri. Safu ni chache: kitu, idadi, tarehe ya mwisho, mahali, aliyekagua. Nilianza na safu nyingi zaidi, za bei, duka na chapa, kisha nikazifuta maana hakuna aliyekuwa akizijaza.

Safu ninayoithamini kuliko zote ni ya mahali. Ukiandika "stoo" hujaandika kitu. Kwetu inasomeka hivi: "Redio ya betri | 1 | – | kabati la vyombo, rafu ya juu, mkono wa kushoto, ndani ya ndoo nyeupe yenye kifuniko." Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipotangaza kwamba Kimbunga Hidaya kinasogelea pwani yetu, nilikuwa bado sijafika nyumbani. Nilipiga simu nikiwa na wasiwasi, nikamsikia binti yangu kwa nyuma akisema, "Bibi, usihangaike, kaa tu. Mabuti yapo uvunguni mwa kitanda cha kaka, naenda kuyatoa." Alikuwa ameshika simu anasoma. Kwa mama mkwe, ambaye magoti yanamsumbua, kutozunguka nyumba nzima gizani akipapasa ni jambo kubwa sana.

Faida ya pili ni rangi. Unaweza kuliamuru jedwali lijipake rangi lenyewe tarehe inapokaribia. Fungua kwenye kompyuta, hata ya kukodi steshenari, chagua safu ya tarehe kuanzia kisanduku C2 kwenda chini, nenda kwenye uumbizaji wa masharti (Conditional formatting), chagua fomula maalumu (Custom formula is), kisha andika fomula hii, ikiwa tarehe zako ziko safu ya C kuanzia mstari wa pili: =AND(C2<>"",C2<TODAY()+60). Kila kitu kilichobakiza chini ya siku 60, au kilichokwisha kupita, kitageuka rangi uliyochagua. Sisi tunatumia rangi ya chungwa. Sehemu ile ya mwanzo ya fomula inazuia mistari isiyo na tarehe isipakwe bure. Kwenye dawa nyingi tarehe huandikwa mwezi na mwaka tu, mfano EXP 04/2027, nayo ina maana dawa inafaa hadi siku ya mwisho ya mwezi huo. Kwa hiyo ingiza 30 Aprili 2027. Ukiandika mwezi bila siku, jedwali linaweza kuhesabu kuanzia tarehe 1, na utatupa dawa nzima kabla ya wakati wake.

Vitu visivyo na tarehe nimevipa tarehe ya kukaguliwa, na humo ndimo nilimojifunza mengi. Betri za kawaida zikiachwa ndani ya tochi huvuja na kuacha unga mweupe unaokula chuma cha mguso, kwa hiyo zetu zinakaa nje, kwenye mfuko wake, na jedwali linasema hivyo. Pawabenki hupoteza chaji polepole hata isipotumika, hivyo ina tarehe kila baada ya miezi mitatu. Mtungi wa kuzimia moto wa poda unaangaliwa kila mwezi: mshale wa geji uwe kwenye kijani, pini iwepo, kisha unaugeuza juu chini kwa upole maana poda hushikana chini. Fundi anaukagua mara moja kwa mwaka, na namba ya Zimamoto, 114, imeandikwa kwenye mstari huohuo. Mtungi wa gesi tunaupima kwenye mizani. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma chenyewe, unautoa kwenye uzito uliopata, kinachobaki ndiyo gesi yako. Mwanangu wa kiume ndiye mwenye kazi hiyo, na huwa hakubali mtu mwingine amwandikie.

Kwenye maji, jedwali limetusaidia kuacha kubahatisha. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada huvifuata, vinataja lita 15 kwa mtu kwa siku kwa kunywa, kupika na usafi, na kati ya hizo lita 2.5 hadi 3 ni za kunywa na chakula tu. Sisi tuko sita. Kwa hiyo dumu moja la lita 20 ni siku moja ya kunywa na chakula, basi, hakuna kufua wala kuoga humo. Nimeweka kisanduku cha idadi ya watu juu ya jedwali, na siku zinajihesabu zenyewe kutokana na madumu yaliyopo. Wifi akija na wanawe tunabadilisha namba hiyo, na mara moja unaona akiba inavyopungua. Chini ya maji ipo mistari ya dawa ya kusafishia maji na pakiti za ORS, yaani chumvichumvi ya kunywa mtu anapoharisha, kila pakiti kwa lita moja ya maji safi, kwa sababu mafuriko huku yakiondoka huacha hofu ya kipindupindu.

Ukianza, kuna mambo mawili ya kufanya siku hiyohiyo. Kwanza, kwenye kila simu, bonyeza nukta tatu za faili na ulifanye lipatikane bila intaneti. Mtandao ukizima usiku wa mvua, orodha iliyoko kwenye wingu tu ni sawa na kutokuwepo. Pili, Sheets haitakuamsha kukukumbusha, rangi huiona aliyefungua jedwali. Sisi tumeweka kumbukumbu ya kujirudia kwenye kalenda ya simu, mwishoni mwa Februari kabla ya masika na mwishoni mwa Septemba kabla ya vuli. Siku hiyo tunakaa wote sebuleni, mmoja anasoma, wengine wanakwenda kushika kitu kwa mkono. Kuangalia kwa macho haitoshi. Dumu lililofungwa vibaya linaonekana limejaa hadi ulinyanyue.

Nawaomba sana msiandike namba za vitambulisho vya NIDA, namba za siri za simu au mahali palipo na fedha. Jedwali likishirikishwa kwa watu wanne ni la watu wanne, na simu huibiwa. Kwetu upo mstari mmoja tu wa nyaraka: vyeti vya kuzaliwa, leseni ya makazi na kadi za bima zimo kwenye mfuko wa plastiki wa zipu, ndani ya begi la bluu.

Gharama yake hadi sasa ni bando la kawaida la simu na kuprinti. Ninaipendekeza kwa moyo wote kwa kaya yenye watu wengi na angalau simu mbili janja. Anayeishi peke yake, daftari la kawaida litamtosha, hahitaji haya yote.

Kuprinti ni kwa ajili ya mama mkwe na dada wa kazi, ambao hawatumii jedwali kwenye simu. Baada ya kila ukaguzi nachapa ukurasa mmoja kwa herufi kubwa, wenye kitu na mahali tu, na tarehe ya kuchapa juu kabisa. Unabandikwa ndani ya mlango wa kabati la vyombo. Wa zamani unachanwa palepale, ili zisikae mbili zinazopingana.