Iwata Eclipse au Harder & Steenbeck Evolution?

Ukitafuta brashi ya upepo, yaani kifaa cha kupulizia rangi, kwa ajili ya modeli za ndege na vifaru, hutakwepa majina haya mawili: Iwata Eclipse HP-CS ya Japani na Evolution ya Harder & Steenbeck ya Ujerumani. Zote zina kikombe cha rangi juu, na kitufe cha kazi mbili: ukikibonyeza unatoka upepo, ukikivuta nyuma inatoka rangi. Nozeli zao, yaani vincha vinavyotoa rangi, ni za kuchomeka, hazina hesi, kwa hiyo huwezi kuzikata kwa kukaza mno.

Eclipse ina nozeli ya milimita 0.35. Si nyembamba kupindukia, na hapo ndipo raha yake ilipo: inapiga rangi ya chini bila kuziba, kisha ukishusha presha na kusogea karibu, unachora hata madoa ya kijeshi ubavuni mwa ndege. Kikombe chake hakitoki, utakisafishia hapohapo.

Evolution, ukichukua seti ya mbili kwa moja, inakupa nozeli za 0.2 na 0.4, na vikombe vya mililita 2 na 5 vinavyotoka. Ila hiyo 0.2 ina deko. Akriliki, yaani rangi ya maji, ikiwa nzito kidogo tu inakaukia kwenye ncha ya sindano inayopita ndani ya nozeli. Mimi sindano yangu niliipinda kwa kuifuta kwa papara. Rangi ikawa inakwenda upande.

Anayeanza ningempa Eclipse. Anayepaka rangi nyuso za vijisanamu vya askari vya kipimo cha 1/35 (vidogo mara 35 kuliko mtu halisi), Evolution. Ulizia kwanza bei ya sindano za akiba.